Kazi ya Dereva ni Kulala

Hakuna mtu aliyezaliwa na mwanamke, alisema Fofofo, anayeweza kulala kumshinda yeye.

Aliyasema hayo akiwa amesimama katikati ya sebule ya watu, glasi ya maji mkononi, mbele ya ramani kubwa iliyofunika meza nzima na mbele ya mama wa msichana anayempenda. Mtu mwenye akili zake angetafuta jambo jingine la kujisifia mbele ya mama mkwe mtarajiwa: bidii, heshima, hata meno mazuri. Yeye alichagua usingizi.

"Nimelala harusini nikiwa nimeegemea spika," aliendelea. "Nimelala kwenye kiti cha kung'olea jino, daktari ndiye aliyeniamsha kuniambia jino limeshatoka. Nyinyi pandeni milima yenu kwa amani. Mimi nikishaamua kulala, hata mlima ukiniangukia nitauambia usubiri kidogo."

Walioizunguka meza wakacheka. Nahodha naye alicheka, ila alicheka kwa chini, macho yakiwa kwenye rula aliyoishika, kama msichana anayejua kwamba akiinua uso tu, kaka yake atasoma kila kitu kilichoandikwa humo.

Nahodha lilikuwa jina alilopewa na kikundi. Kazini alikuwa mpima ardhi, na mpango huu ulikuwa wake tangu mwanzo: watu sita, milima mitatu, kila mmoja kupandwa mpaka kileleni na kushukwa, kabla mshale wa saa haujazunguka mara mbili. Toka mlima hadi mlima wangesafiri kwa basi dogo la Fofofo. Na hapo ndipo vikundi vingine vyote vilipokwama. Walishuka mlimani miguu ikitetemeka, wakamkuta dereva naye macho mekundu, wakaishia kulala wote kando ya barabara huku muda ukiyoyoma.

"Ndiyo maana nina sheria moja," Nahodha alisema, akigonga ramani kwa rula. "Mwenye kupanda haendeshi. Mwenye kuendesha hapandi. Sisi tukiwa juu, kazi ya dereva ni kulala. Asifute vioo, asisikilize redio. Alale."

"Kazi nyepesi hiyo," alisema mmoja. "Mimi mbona hamkunipa?"

"Si nyepesi," alisema Mwalimu.

Mwalimu alikuwa kaka yake Nahodha, mfundisha hesabu, na alimtazama Fofofo siku zote kama jibu lililopatikana kwa njia isiyo sahihi. Alisogeza kiti.

"Mdogo wangu, hebu nielimishe. Barabara ya kwenda mlima wa pili ina kona zinazoning'inia juu ya bonde. Roho zetu sita tunamkabidhi mtu ambaye sifa yake kubwa ni kusinzia?"

"Si kusinzia, kaka," Fofofo alisema. "Kusinzia ni kwa wanaoanza. Mimi nalala."

"Sikuwa naongea na wewe."

"Samahani, Mwalimu. Nilisikia natajwa."

Mfamasia akakohoa. Huyu alikuwa rafiki wa Mwalimu, mpole, nadhifu, mwenye duka lake la dawa, na leseni yake ya udereva ilikuwa safi kama sahani ya mgeni ambaye hakuja. Kila mtu pale ndani alijua Mwalimu alimleta kikundini kwa ajili ya milima kidogo na kwa ajili ya dada yake zaidi.

"Goti langu limeanza kulalamika," Mfamasia alisema. "Kama mtahitaji mtu wa usukani, mimi niko tayari kutopanda."

"Unaona?" Mwalimu alisema. "Mtu wa kwetu, anayejulikana."

Rula ilitua mezani. Nahodha alikuwa anafungua mdomo, na Fofofo, aliyemfahamu, alijua kitakachotoka humo kingevunja kikao. Lakini aliyeongea alikuwa Mama.

Mama alikaa kwenye kiti cha pembeni, mkono umeshika kikapu chake cha kusuka, na mpaka hapo hakuwa amesema neno.

"Kijana," alisema.

"Naam, Mama."

"Si mnakwenda kufanya jaribio la mlima mmoja kwanza, mwisho wa wiki?"

"Ndiyo, Mama. Wanapanda, wanashuka, halafu nawapeleka mpaka mguuni mwa mlima wa pili, tupime muda."

"Nitakuja. Nitakaa garini na wewe. Kabla hujawasha gari, utaulizwa kama umelala. Ukisema umelala, nitakubali, na huyu," akamwonyesha Mwalimu kwa kidevu, "hatasema tena. Ila swali hilo mimi siulizi mara mbili."

Hata Mwalimu aliinamisha kichwa. Fofofo alitabasamu, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na uso wake.

Alikuja kuelewa jikoni, alipojipendekeza kusaidia kuosha glasi. Nahodha alikuwa amempa mgongo, maji ya bomba yakimwagika.

"Baba alikuwa dereva wa lori," alisema bila kugeuka. "Hilo unalijua."

"Ulinambia. Alifariki kwa ajali."

"Sikukwambia asubuhi ya siku ile. Alikuwa amerudi alfajiri. Mama akamuuliza, umelala? Akasema, nimelala. Akavaa viatu akatoka." Alifunga bomba. "Mama alijua hajalala. Aliona macho yake. Lakini alishauliza, na alishajibiwa, na hakutaka kuonekana mke wa kubishana mlangoni."

Fofofo akaikausha glasi iliyokuwa imeshakauka.

"Kwa hiyo usiogope Mwalimu," Nahodha alisema. "Mwalimu ni kelele tu. Wewe lala vizuri, niambie ukweli, na tukimaliza mlima wa tatu nitamweleza Mama habari yetu. Nimechoka kukuita dereva mbele za watu."

"Na nikishindwa?"

"Kushindwa nini? Kulala?" Aligeuka, macho yao yakakutana, na akasahau kuyaondoa upesi kama walivyozoea. "Mtu anashindwaje kulala?"

*

Siku ya jaribio, basi dogo lilisimama kwenye uwanja wa nyasi chini ya mlima, hewa ikiwa safi na kilele kikionekana chote, kimesimama wima kama mtu aliyeudhiwa. Wapandaji walikaza kamba za viatu. Mwalimu alishika saa mkononi kama mwamuzi. Mama alikuwa ameshapanda kiti cha nyuma kabisa, kajifunika blanketi, kikapu pajani.

Nahodha alikuja dirishani kwa dereva. Alivaa koti la mvua la njano. Alifungua kitambaa cha kichwani mwake akampa.

"Jifunike macho. Mwanga usikusumbue."

"Utapigwa na baridi ya masikio."

"Masikio yangu, shida yangu. Wewe una kazi moja tu, mpenzi." Neno la mwisho alilisema kwa midomo bila sauti. "Nikuache na amani?"

"Mimi? Kabla hujafika kwenye ule mti wa kwanza nitakuwa sipo duniani."

Alimtazama akienda. Nahodha alifika kwenye mti wa kwanza. Fofofo alikuwa bado yupo duniani.

Haya, alijiambia. Akalaza kiti, akavua viatu, akajifunika macho kwa kile kitambaa. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipofanyika, na halikuwa lake, lilikuwa la Nahodha. Kitambaa kilinukia yeye. Kilinukia sabuni na nywele zake. Kumfunika mwanamume uso kwa harufu ya mtu anayempenda halafu kumwambia alale ni sawa na kumfungia paka ndani ya bucha halafu umwombe asome gazeti.

Akakitoa. Akafumba macho bila kitambaa. Akageukia kulia. Akageukia kushoto, breki ya mkono ikamchoma mbavu. Nyuma Mama alianza kukoroma, mkoromo mzito uliotulia, wa mtu asiyedaiwa na mtu.

"Bora wewe, Mama," alinong'ona.

Usingizi, ambao maisha yake yote ulikuwa unamfuata kama kuku wa kufugwa, siku hiyo ulimgeuzia mgongo. Alipofungua macho kuona umefikia wapi, aliona kitu kingine. Kilele hakikuwepo.

Ukungu ulikuwa umeshuka kimya kimya, mweupe, na ulikuwa unaendelea kushuka. Kwenye kiti cha mbele Mwalimu alikuwa ameacha darubini yake. Fofofo aliichukua, akashuka bila viatu, akaegemea boneti. Aliwapata: makoti sita yakipanda kwenye mgongo wa mlima, la njano likiwa la mwisho, kwa sababu Nahodha hupenda kutembea nyuma asimwache mtu. Halafu ukungu ukala la kwanza. Ukala la pili. Uliwala mmoja mmoja bila haraka, na la njano ukalimalizia.

"Rudi," Fofofo alisema. "Mnasubiri nini, rudini."

Hakuna aliyerudi. Alizunguka gari. Alifuta kioo cha mbele, ambacho kilikuwa safi. Alizunguka tena. Alijaribu kurudi kitini na kulala kwa nguvu, meno yamekazwa, ngumi zimefungwa, ingawa hata mtoto mchanga angemweleza kwamba usingizi hauji hivyo. Akashuka tena. Nyasi zilikuwa zimelowa, soksi zikalowa, na Mama huko nyuma aliendelea kukoroma kama injini ya mashine ya kusaga.

Akiwa peke yake na mkoromo huo, aliongea kwa sauti. Alihitaji mtu wa kumsikia, na hakukuwa na mtu.

"Ee Mungu," alisema, kipaji cha uso kimeegemea mlango wa gari. "Sikusumbuagi sana. Mshushe huyu msichana salama. Ukimshusha, mimi nitamheshimu hata Mwalimu. Nitamwita shemeji siku zote, na hata akiniita mjinga nitaitika."

Ukungu ulianza kupasuka, kwanza kwa chini. Akainua darubini haraka, ikamgonga jicho. Makoti yalikuwa yanashuka. La bluu, la kijani, la Mwalimu, la Mfamasia anayechechemea. Alihesabu matano. Akahesabu tena kwa kidole. Matano, na hakuna hata moja la njano.

Alianza kukimbia kuelekea mlimani kwa soksi, akapita mti wa kwanza, akainua darubini huku anahema, na ndipo la njano likachomoza nyuma ya jiwe, polepole, limeinama likifunga kamba ya kiatu.

Kamba ya kiatu. Fofofo alikaa chini kwenye majani yaliyolowa. Angeweza kucheka na angeweza kulia, akafanya vyote kidogo kidogo.

Kisha akakumbuka kazi yake.

Alirudi mbio. Alivua soksi akazificha chini ya kiti. Alirudisha darubini ilikokuwa. Akajilaza, akabandika shavu kwenye mshono wa kiti na kulikandamiza kwa nguvu zote mpaka liume, ili atakapoamka liwe na ile mistari ya mtu aliyelala. Akajifunika kitambaa. Mdomo aliuacha wazi kidogo, kwa ukamilifu wa kazi.

*

"Amka, bwana Fofofo." Ilikuwa sauti ya Mwalimu. "Tuko nyuma ya muda. Ukungu umetuchelewesha. Barabarani tunaweza kuufidia muda, kama wewe ni mzima."

Walikuwa wanapanda garini, wamelowa, wanahema. Mfamasia alijivuta na goti lake. Nahodha alikuja wa mwisho. Masikio yake yalikuwa mekundu kwa baridi. Alisimama kwenye mlango wa dereva, na mbele ya watu wote, kama walivyopatana, akauliza:

"Umelala?"

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Neno dogo tu. Lakini nyuma ya bega lake Mwalimu alikuwa ameshamgeukia Mfamasia, na Mfamasia alikuwa ameshaanza kufuta mikono yake kwa leso, tayari kwa usukani. Akisema hapana, sheria ya Nahodha ingevunjwa na mtu wa kwao angekaa pale. Baada ya hapo, nani tena angemsikiliza msichana akimtaja dereva?

"Kama gogo," alisema Fofofo. Akageuza shavu ili mistari ionekane vizuri.

Nahodha alitabasamu, tabasamu la mtu aliyetuliwa mzigo. Fofofo aliliona, likamchoma kuliko breki ya mkono.

"Nilijua," alisema Nahodha kwa sauti ndogo. "Huko juu kulipoziba, kitu pekee nilichokuwa nakishika ni hicho. Kwamba angalau wewe huku chini umelala."

Akaingia. Mlango ukafungwa. Fofofo aliweka ufunguo, akazungusha. Injini ikaitika. Mbele yao barabara ilipinda na kuingia kwenye zile kona zinazoning'inia juu ya bonde. Alipiga mwayo. Aliumeza, machozi yakamtoka.

Mkoromo wa nyuma ukakatika ghafla.

"Zima gari," alisema Mama.

Alikuwa amekaa wima, blanketi limekunjwa pajani kwa pembe nne, macho makavu kabisa.

"Mama, muda," alisema Mwalimu.

"Zima."

Fofofo akazima. Maji yalisikika yakidondoka kutoka kwenye makoti.

"Mama, ulikuwa unakoroma," alisema Fofofo, na mara akajua hilo halikuwa neno la kusema.

"Mimi sikoromi, mwanangu. Kukoroma nimejifunza kwa mume wangu, miaka mingi nikimsikiliza. Hujalala. Umelizunguka gari hili mpaka nikapata kizunguzungu. Umefuta kioo kisicho na doa. Umekimbilia mlimani bila viatu. Soksi ziko chini ya kiti, zinanuka. Na hilo shavu nimekuona ukilipiga pasi."

Hakuna aliyecheka. Nahodha alikuwa anamtazama kwenye kioo cha katikati, na tabasamu la muda ule halikuwepo.

"Tena," Mama aliendelea, sauti ikipungua, "kamwomba Mungu amshushe binti yangu. Akaweka na nadhiri. Kwamba atamwita huyu shemeji maisha yake yote."

Mwalimu aligeuka taratibu, kama mlango wenye kutu. "Atamwita nani shemeji?"

"Wewe," alisema Mama. "Tulia, mambo yako baadaye."

"Nahodha," Fofofo alianza.

"Usiniite." Alifungua mlango akashuka, akazunguka mpaka dirishani kwake, akasimama pale pale alipompa kitambaa. "Nilikuambia jikoni. Nilikueleza neno hilo lilifanya nini nyumbani kwetu. Ukanitazama usoni ukasema kama gogo."

"Ukungu ulikumeza. Nilihesabu watano. Ningelalaje?"

"Si suala la kulala."

"Ningesema sijalala, ningekukosa."

"Na ungesinzia kwenye moja ya zile kona, ungenikosaje? Mimi sikuhitaji mtu wa kukesha kwa ajili yangu. Wa kukesha ninaye, ni Mama, anakesha mpaka leo. Nilihitaji mtu nikimuuliza, anijibu."

Fofofo alikunja kile kitambaa, akakikunja tena.

"Sijalala," alisema mwishowe. "Hata lepe. Nilijaribu nikashindwa, halafu nikaogopa."

Nahodha hakuondoka dirishani.

"Basi mimi nishike usukani," alisema Mfamasia kwa upole.

"Mwenye kupanda haendeshi," alisema Nahodha bila kugeuka.

"Sasa tutafanyaje?" Mwalimu alionyesha saa yake. "Jaribio limekufa. Tunakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka alale," alisema Mama. "Shukeni wote."

"Mama."

"Nimesema shukeni. Amesema kweli sasa hivi, baba yenu hakunipa nafasi ya kuisikia hiyo. Atalala hapa, mbele yangu, na akiamka ndipo atatupeleka nyumbani."

Wakashuka. Mwalimu alikaa juu ya jiwe, saa mkononi, akiutazama muda wake ukipita kama mtu anayeangalia mvua ikilowesha nguo alizoanika. Nahodha alibaki mlangoni. Alinyoosha mkono, akachukua kitambaa, na Fofofo akajua amekwisha. Lakini hakukivaa. Alimfunika nacho macho mwenyewe, bila upole, akavuta ncha zake zikakaza.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Najua."

"Lala."

Fofofo akajilaza. Alivuta pumzi ndefu, akaitoa polepole. Akaacha mkono mmoja uanguke pembeni ya kiti, mlegevu. Baada ya muda aliouona unatosha, akaongezea mkoromo, mdogo tu, wa heshima.

Kiti cha nyuma kililia. Harufu ya kikapu ikasogea karibu, na kidole kimoja kikainua pembe ya kitambaa.

"Hujalala," alisema Mama.